Mama Glory na Kilomita ya Kumi na Tisa

Alhamisi hii, tarehe 12 Juni 2025, Bi. Gaudensia Bura, Afisa Mazingira Mkuu wa idara yetu, anatimiza miaka sitini ya kuzaliwa na miaka thelathini na minne ya utumishi wa umma. Saa tisa na nusu alasiri atafunga mlango wa ofisi namba sita kwa mara ya mwisho na kuacha ufunguo mapokezi. Mlango wenyewe, kama tunavyojua sote, haujawahi kufungika vizuri tangu fundi alipokuja kuutengeneza, kwa hiyo ufunguo ni wa heshima tu.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike ukurasa mmoja, uwe wa kuchangamsha, na nisigusie barabara ya mgodini. La kuchangamsha nitajitahidi. Ukurasa mmoja umenishinda. Kuhusu barabara, wajumbe wanisamehe, maana kumwandika Mama Glory bila barabara ya mgodini ni kama kumwandika padri bila kutaja misa.

Alizaliwa mwaka 1965 katika nyanda za juu za Mbulu, mtoto wa wakulima wa ngano na maharage ambao baadaye walihamia kwenye vitunguu saumu kama majirani zao wote. Mei 1991 aliajiriwa kuwa Msaidizi wa Misitu, akapewa baiskeli ya Phoenix isiyo na breki ya nyuma na vitalu vitano vya miche vya kutunza. Alivitunza. Shule nyingi za msingi katika wilaya zetu mbili, Mbulu na Hanang, zina kivuli leo kwa sababu ya ile baiskeli.

Utaratibu wake ulikuwa kumkabidhi kila mwanafunzi mti mmoja wenye jina lake. Mwanafunzi mmoja aliyeitwa Joakimu aliusahau wake ukakauka. Leo Joakimu ni dereva wa idara, mtu mzima mwenye watoto wakubwa, na kila gari linapopita shule ile Mama Glory humwamuru apunguze mwendo atazame mahali mti ulipokuwa. Joakimu hupunguza. Amepunguza kwa miaka kumi na sita, na nadhani kuanzia wiki ijayo ataendelea kupunguza hata akiwa peke yake.

Alisoma stashahada, kisha shahada, akiwa kazini na akiwa na watoto wanne. Glory, wa kwanza, ambaye jina lake ndilo tunalomwitia mama yake, ni muuguzi. Mwaka 2009 alihamishiwa mazingira, na hapo ndipo sisi wengine tulipomkuta: mama mfupi mwenye buti za mvua miezi yote kumi na miwili, kofia ya pama, chupa ya chai isiyo na sukari, na kamba ya katani yenye fundo kila baada ya mita moja. Idara ilikuja kununua vifaa vya kupimia kwa satelaiti. Alijifunza kuvitumia haraka kuliko sisi, kisha akapima tena kwa kamba, na pale vilipotofautiana aliiamini kamba.

Kasoro anazo, na leo ni siku ya ukweli. Kalamu ukimwazima hairudi. Hasira zake ziko karibu, na mhandisi mmoja aliyesema mbele yake kwamba korongo kavu si mto aliachwa kwenye korongo hilo kavu mpaka alipopata pikipiki ya kumtoa. Ripoti zetu alikuwa akizirudisha zimejaa wino mwekundu. Ukiandika kwamba athari za mradi fulani ni ndogo, alikuwa anapigia mstari na kuandika pembeni maneno matatu: *Ndogo kwa nani?* Hakuna afisa katika idara hii ambaye hajawahi kuyachukia maneno hayo.

Na alikuwa na kauli yake nyingine, aliyoitumia kwa wenyeviti wa vijiji, wawekezaji, hata viongozi wa juu. Mtu akianza kumweleza habari za mahali alikuwa anainua mkono na kusema, "Usiniambie, nipeleke." Ndiyo kauli iliyotuletea matatizo yote, na ndiyo iliyoiokoa chemchemi.

Sasa barabara. Agosti 2019 wataalamu washauri walikuja kufanya tathmini ya athari za barabara ya kilomita ishirini na saba, kutoka mgodini hadi kwenye lami, ipite pembeni mwa tambarare ya Balangdalalu na Hirbadaw. Walikuja kiangazi, kwa magari mawili mazuri, na walimaliza kwa siku nne. Ripoti yao ilikuwa na kurasa mia tatu na kumi na mbili na picha za rangi. Kwa kilomita ya kumi na tisa iliandika sentensi mbili tu: hakuna chanzo cha maji, kipo kichuguu kimoja kikubwa ambacho udongo wake unafaa kwa kifusi.

Kisha ukaja mkutano wa wananchi, uliopangwa siku ya mnada. Wanaume wa wafugaji walikuwa mnadani, na wengine walikuwa mbali na ng'ombe wakitafuta malisho. Waliojaa ukumbini walikuwa wakulima wa juu waliohitaji barabara, na wasingelaumiwa, pamoja na akina mama wa wafugaji wapatao thelathini. Mama Glory hakuwepo. Alikuwa na msiba kwao Mbulu. Mwakilishi wa idara nilikuwa mimi, miezi minne tangu niajiriwe, kijana wa Babati mjini mwenye viatu vya ngozi.

Mwenyekiti wa kikao akauliza kama yupo mwenye pingamizi barabara ikipita Kwa Gidabarda, maana ndivyo ramani inavyopaita mahali pale. Akina mama wakainamisha vichwa. Akauliza tena. Mkubwa wao, Bibi Kornelia, alisimama, akafungua mdomo, akaufunga, akaketi. Mimi ndiye niliyeshika kalamu. Niliandika kwenye muhtasari: *Akina mama walisikiliza kwa makini na hawakuwa na pingamizi.* Nikasaini, nikaambatanisha orodha ya mahudhurio, nikaona nimefanya kazi nzuri.

Mama Glory aliporudi alisoma muhtasari akiwa amesimama. Akaniuliza kama walisema hivyo au walinyamaza. Nikamjibu kwamba walinyamaza, si ni yale yale tu. Alichukua kofia, akamwita Joakimu, akanionyesha gari kwa kidole. Njia nzima hakunisemesha neno, na wanaomfahamu wanajua kwamba wino mwekundu una nafuu kuliko huko kunyamaza kwake.

Tulimkuta Bibi Kornelia nyumbani kwake anapanga madumu juu ya punda. Mama Glory alimwamkia shikamoo, akaulizia ng'ombe, watoto na mvua, kisha akauliza kuna nini pale ambapo mkutano uliuliza. Bibi alitabasamu kidogo. Kwa Kiswahili chake cha mnadani akasema, "Hilo jina mdomo wangu hauna ruhusa. Miguu ina ruhusa. Twende."

Nieleze, kwa faida ya wenzangu tuliokulia mjini. Kwa wafugaji wale, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala la wazee wa ukoo wa mumewe waliotangulia. Ni heshima kubwa na hawaifanyii mzaha. Mzee Gidabarda alikuwa baba wa mume wa Bibi Kornelia, na akina mama karibu wote waliokaa ukumbini siku ile walikuwa wameolewa katika ukoo wake. Mwenyekiti alipouliza kwa jina lile alikuwa amewafunga midomo wote kwa mpigo bila kujua, na mimi nikaandika kwamba wameridhika.

Tulitembea nyuma ya punda dakika arobaini. Kichuguu cha kwenye ripoti kilikuwa kaburi la Mzee Gidabarda, la udongo na miti, lililojengwa kwenda juu kama wanavyowazika wazee wao wakubwa, na sasa limeota majani. Chini yake, ndani ya bonde dogo ambalo kutoka garini huwezi kuliona, ilikuwa chemchemi. Maji yake ni matamu katika nchi ambayo ukichimba unapata chumvi. Kaya zaidi ya mia mbili zinakunywa pale kiangazi, na Agosti ile hakukuwa na pengine pa kuchota. Mama Glory alitandaza kamba kutoka kigingi cha katikati ya barabara hadi kwenye maji. Mafundo arobaini na matatu. Kisha aliomba ndoo ya lita ishirini, akaitega, akatazama saa: sekunde hamsini na mbili kujaa. Aliandika kwenye daftari. Halafu akaniangalia kwa mara ya kwanza siku ile, na nilitamani ardhi inimeze.

Fomu ya maoni ya halmashauri ilitakiwa isainiwe kufikia Ijumaa. Aliirudisha Alhamisi bila saini, ikiwa na *Ndogo kwa nani?* mara kumi na moja, pamoja na barua ya kurasa mbili. Simu zikaanza. Aliambiwa anazuia maendeleo. Aliambiwa serikali ina haraka. Aliambiwa afikirie kiinua mgongo chake. Kila aliyempigia alimjibu kwa adabu kwamba aje apelekwe, gari lipo, na hakuna aliyekuja.

Lililomuuma zaidi lilitoka nyumbani. Kaka yake Renatus ana ekari tatu za vitunguu saumu huko juu, na kila masika mavuno yalikuwa yanaozea gulioni kwa sababu malori hayapandi. Ukoo mzima uliisubiri barabara ile. Renatus alimwambia mdogo wake mbele ya watu kwamba anawapenda wafugaji kuliko damu yake. Mama Glory alimjibu, "Barabara naitaka kuliko wewe. Naitaka ipite juu zaidi tu." Renatus hakumsalimu kwa zaidi ya miaka miwili, na Krismasi ile Mama Glory alikula kwa jirani. Hajawahi kulisimulia jambo hili ofisini. Nimelipata kwa Joakimu, na sasa kila mtu analo.

Oktoba 2019 alihamishiwa masjala, kwa mahitaji ya kazi kama barua ilivyosema. Afisa Mazingira Mkuu akawa mpanga mafaili kwa miezi kumi na mitatu, katika chumba kile cha nyuma chenye dirisha moja. Gari alinyang'anywa. Waliofanya hivyo walidhani wamempiga chini. Jumamosi alikuwa akikodi bodaboda kwa pesa zake hadi chemchemini, akiwa na ndoo yake ya buluu ya lita ishirini mgongoni, iliyowahi kuwa na rangi ya kupaka kuta. Sekunde hamsini na tano. Hamsini na mbili. Arobaini na tisa baada ya mvua. Daftari likajaa, akanunua la pili.

Na masjala walimtupa mahali pabaya kwao. Walisahau kwamba nusu ya mafaili yale aliyaandika yeye. Wiki ya sita alilikuta faili la Januari 1998, lenye taarifa ya kurasa tatu kwa mwandiko wake mwenyewe wa enzi za baiskeli: mvua za El Niño zilivyoshuka kwenye lile korongo linaloitwa kavu, zikabeba kalavati la njia ya zamani na lori la mahindi, mahali pale pale pa kilomita ya kumi na tisa. Kwa hiyo barabara isingeua chemchemi tu. Ingekuja kuondoka yenyewe na watu wakiwa juu yake. Alitoa nakala nne, akaziambatanisha na madaftari yake, akazipeleka kwa mamlaka husika kwa mkono na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 2023, wilaya nzima tulipozika watu, hakuna tena anayemcheka mtu anayeuliza maji yatapita wapi. Lakini mwaka ule walimcheka sana.

Mamlaka iliamuru mkutano urudiwe, na Mama Glory akarudishwa ofisi namba sita. Alitoa masharti matatu: ufanyike pale pale chemchemini, usiwe siku ya mnada, na mtu yeyote asitamke jina la mahali. Ilikuwa Februari 2021, matope yamefika kwenye vifundo. Tulipofika tuliwakuta akina mama zaidi ya sitini, wengine katika sketi zao za ngozi, fimbo mikononi, wameketi juu ya mstari wa vigingi, kigingi hadi kigingi. Safari hii wanaume wao walikuwepo, wamesimama nyuma, na walikuwa kimya kwa sababu neno lilikuwa la akina mama.

Kiongozi wa washauri akawauliza kwa upole wana maoni gani. Bibi Kornelia alisimama kwa fimbo yake na kusema, "Sisi tulisema siku ile. Ninyi mliandika nini?"

Mama Glory alikuwa karibu yangu na hakunigusa wala hakunitazama. Nilisimama. Nikasema kwamba mimi ndiye niliyeandika, kwamba niliandika hawakuwa na pingamizi, na kwamba ulikuwa uongo niliouandika kwa kutojua, na sasa najua. Bibi Kornelia alisema neno moja: "Futa." Nilikata mstari juu ya sentensi yangu mbele ya mkutano, nikaandika *walinyamaza, na waliinamisha vichwa*, nikasaini upya. Wenzangu wa kazini huniita Bwana Futa kwa utani tangu siku hiyo. Jina hilo nalipenda.

Barabara ilisogezwa juu. Iliongezeka kilomita tatu na nusu, na mgodi haukufa kwa ajili ya hizo kilomita tatu na nusu. Ilifunguliwa mwaka 2022. Malori ya vitunguu saumu yanapita, na Renatus ndiye aliyepakia la kwanza. Masika yale alishuka mwenyewe hadi ofisini na gunia moja begani, akaliweka mezani kwa dada yake, akakaa nusu saa bila kuzungumzia barabara. Ofisi ilinuka vitunguu wiki mbili. Mama Glory alikataa madirisha yafunguliwe.

Hayo ndiyo mafanikio ya miaka thelathini na minne ambayo hayamo kwenye cheti atakachokabidhiwa leo. Cheti kinasema utumishi uliotukuka. Mimi naongeza kwamba aliadhibiwa kwa utumishi huo, na waliomwadhibu hawajawahi kumwomba radhi, na nafasi ya kufanya hivyo ipo mpaka saa tisa na nusu.

Jumanne tulifanya makabidhiano. Alinipa kamba, madaftari saba na ndoo ya buluu. Mtunza stoo aligoma kuiandika ndoo kwenye fomu kwa kuwa si mali ya serikali. Mama Glory akasema hiyo ndiyo sababu imedumu. Kipimo cha mwisho alichoandika kwa mkono wake, Jumamosi iliyopita, ni sekunde hamsini na moja.

Na sasa lile ambalo kamati haikutaka niligusie. Mwezi uliopita liliingia jalada jipya. Mgodi unapanuka na unaomba barabara ya mchepuko ili kuokoa zile kilomita tatu na nusu. Nimeifuata kwenye ramani kwa kidole: inarudi chini, inapita kilomita ya kumi na tisa, kati ya kaburi na maji. Ripoti inasema athari ni ndogo. Tathmini ilifanyika kiangazi. Fomu ina nafasi ya saini moja ya Afisa Mazingira, na kuanzia kesho asubuhi nafasi hiyo ni yangu. Nimeshapigiwa simu mbili. Wakubwa wawili waliopo meza kuu leo wamenisimamisha kwenye korido na kunikumbusha kwamba bado ni kijana na nina safari ndefu.

Nawajibu hapa, kwenye programu ya sherehe iliyochapwa nakala mia moja na hamsini, ili asitokee wa kuandika baadaye kwamba nilinyamaza. Sitasaini. Nimeshaandika pembeni maneno matatu, kwa wino mwekundu, na kalamu ni ile niliyokuazima mwaka 2019, Mama, ambayo nimeikuta kwenye droo yako. Masjala napajua pia. Dirisha ni moja, lakini mwanga unatosha kusoma.

Mama Glory, idara nzima inakushukuru, hata wale wanaokuogopa. Tunakuombea afya, wajukuu watundu, masika ya kiasi, na vitunguu visivyooza. Kaa barazani kwako huko Mbulu, vua hizo buti, kunywa chai yako chungu bila kuangalia saa. Bibi Kornelia ametuma salamu na anasema punda bado anaijua njia.

Shikamoo, Mama. Jumamosi naenda mimi. Ndoo ninayo.

Onesphory Yohanes
Afisa Mazingira